Deni la Msomi: Ada, Ruzuku na Mikopo ya Elimu ya Juu Tanzania

Chuo kikuu cha kwanza cha Tanganyika kilifunguliwa tarehe 25 Oktoba 1961, wiki sita kabla ya Uhuru, ndani ya jengo la chama cha TANU katika mtaa unaoitwa sasa Lumumba, Dar es Salaam. Kilikuwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi wake hawakufika 20. Shahada ilitolewa na Chuo Kikuu cha London. Suala la nani alipe gharama lilikuwapo tangu siku hiyo, ingawa kwa darasa dogo namna ile halikumnyima mtu usingizi.

Kabla ya hapo kijana wa Tanganyika aliyetaka elimu ya juu alikwenda Makerere, Uganda, au ng'ambo. Julius Nyerere, aliyekuja kuwa rais wa nchi, alipita kote: alisoma Makerere kuanzia 1943 hadi 1945, akafundisha, kisha akaenda Edinburgh mwaka 1949 na kurudi 1952. Fedha za kuwasomesha vijana wachache wa aina yake zilitoka katika mifuko tofauti. Serikali ya kikoloni ilikuwa na nafasi zake, hazina za mamlaka za wenyeji zilikuwa na zake, misheni nazo zilichagua watu wao. Penye zao la biashara, ushirika uliingia kati: KNCU, chama cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, kilisomesha vijana kwa fedha ya kahawa. Ndiyo maana Kilimanjaro, Bukoba na Rungwe, sehemu zilizokuwa na kahawa na misheni kwa pamoja, zilipata wasomi mapema, huku Lindi, Mtwara na sehemu kubwa ya Pwani zikisubiri. Katika nchi jirani ya Kenya serikali ya kikoloni ilikwisha kuanza njia nyingine: mwaka 1952 uliundwa mfuko wa kuwakopesha Wakenya waliokwenda kusoma nje ya Afrika Mashariki. Tanganyika haikufuata njia hiyo, na ilipoifuata ilikuwa imepita miaka 40 na zaidi.

Katika miaka 3 ya mwanzo ya chuo cha Dar es Salaam, mzazi mwenye uwezo alitakiwa kulipa na mtoto wa asiye na uwezo alipewa ruzuku. Mwaka 1964, chuo kilipohamia kwenye kilima ambacho hadi leo kinaitwa Mlimani, serikali ilifuta ada kwa wote. Ruzuku ikalipa masomo, chakula, malazi, vitabu na nauli. Mwanafunzi kwa upande wake alifungwa na sharti la kuitumikia serikali kwa miaka 5 baada ya kuhitimu.

Sababu ya uamuzi huo ilikuwa njaa ya wataalamu kuliko huruma kwa maskini. Nyerere alikuwa akikumbusha kwamba nchi ilipata uhuru ikiwa na wahandisi 2 na madaktari 12. Serikali iliyokuwa ikiondoa maofisa wa Kiingereza na kuwaweka Waafrika haikuweza kumwacha hata mtu mmoja mwenye kichwa chepesi nyumbani kwa kukosa ada, wala haikuweza kumwacha aliyehitimu aende anakotaka. Nyerere aliueleza wajibu huo kwa mfano uliozoeleka sana baadaye: msomi ni kama mtu ambaye kijiji chenye njaa kimempa chakula chote kilichobaki ili apate nguvu ya kwenda mbali kuwaletea wenzake msaada, na akikila chakula hicho asirudi, huyo ni msaliti. Mfano huo una deni ndani yake, na tena deni kubwa. Elimu ya miaka ya 1960 huitwa ya bure kwa sababu tu hakuna aliyetoa noti. Malipo yalikuwapo, nayo yalikuwa kazi.

Wasomi wenyewe waligundua hilo mwaka 1966. Serikali ilipeleka bungeni mpango wa kuwalazimisha wahitimu wa vyuo na kidato cha 6 kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa kwa muda wa karibu miaka 2: takriban miezi 5 kambini, na muda uliobaki, kama miezi 18, katika kazi zao za kawaida huku wakipokea asilimia 40 tu ya mshahara. Ukipiga hesabu, asilimia 60 iliyokatwa kwa miezi 18 ni sawa na mshahara wa karibu miezi 11. Hayo yalikuwa marejesho ya mkopo ambayo hakuna aliyeyaita hivyo. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana hadi Ikulu wakiwa na mabango, na moja lilidai kwamba hata ukoloni ulikuwa na nafuu. Tamko lao lilisema kwamba wakilazimishwa, miili yao itakwenda lakini roho zao hazitakwenda. Nyerere aliwasikiliza hadi mwisho, kisha akawajibu kwa ukali, na wanafunzi zaidi ya 300 wakarudishwa makwao chini ya ulinzi. Papo hapo alitangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi wa waliofukuzwa walirudishwa masomoni mwaka uliofuata, na sheria ya kujenga taifa ikabaki kama ilivyokuwa.

Tukio hilo husimuliwa zaidi kama chimbuko la Azimio la Arusha la Februari 1967 na waraka wa Elimu ya Kujitegemea uliotoka mwezi mmoja baadaye. Kwa historia ya ada lina uzito wa namna nyingine. Liliweka wazi masharti ya mkataba kati ya dola na msomi: dola inagharamia yote, dola inaajiri, dola inakata. Mkataba wa namna hiyo unahitaji mwajiri mmoja mkubwa ambaye hakosi nafasi.

Tarehe 1 Julai 1970 Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, ambacho Tanzania ilikuwa nacho kwa pamoja na Kenya na Uganda, kilivunjwa na Dar es Salaam ikawa na chuo kikuu chake kamili. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilibadili mlango wa kuingilia. Mhitimu wa kidato cha 6 hakuruhusiwa tena kwenda moja kwa moja chuoni. Alitakiwa kwanza afanye kazi angalau miaka 2, na apate mapendekezo ya mwajiri na ya tawi la TANU. Kanuni hiyo haikugusa fedha moja kwa moja, lakini ilitokana na fikra ile ile kwamba elimu ya juu ni mali ya umma inayotolewa kwa aliyekwisha kuonyesha utumishi. Idadi ya wasichana ikashuka haraka, kwani aliyeanza kazi na kuolewa hakuachiwa njia ya kurudi darasani, na wao ndio waliokuwa wa kwanza kuondolewa sharti hilo.

Mwanafunzi wa Mlimani wa miaka hiyo aliishi vizuri kwa kipimo cha nchi yake. Alipokea waranti ya treni au basi kutoka nyumbani hadi Dar es Salaam na kurudi. Alipewa chumba, akala milo 3 katika ukumbi wa chakula wa bweni lake, akatibiwa, akapewa fedha za vitabu na kiasi kidogo cha mfukoni. Mkulima wa pamba wa Shinyanga aliyelipia haya kupitia bei ndogo aliyopewa na mamlaka ya zao hakuwahi kuulizwa, na wachumi wa baadaye walioipinga ruzuku walianzia hapo hapo. Machi 1978 wanafunzi waliandamana tena, safari hii wakipinga nyongeza ya marupurupu ya mawaziri na wabunge. Walifukuzwa kwa mamia. Chama chao, DUSO, kikapigwa marufuku na mahali pake ikawekwa MUWATA, iliyokuwa chini ya chama tawala.

Kufikia hapo hazina ilikuwa inakauka. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, vita dhidi ya Idi Amin vilifuata mwaka 1978 na 1979, mafuta yakapanda bei na kahawa ikashuka. Maktaba ya chuo iliacha kupokea majarida, wahadhiri wakafuga kuku na kuendesha teksi. Mwaka 1986, chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, serikali ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa juu ya mpango wa kurekebisha uchumi. Benki ya Dunia nayo ilikuwa ikishikilia kwamba nchi za Kiafrika zinatumia fedha nyingi mno kwa mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu na kidogo mno kwa mtoto wa shule ya msingi, hivyo familia za wanachuo zichangie. Hoja hiyo ilikuwa na ukweli wake. Ilisahau, hata hivyo, kwamba wengi wa wanachuo wa Tanzania walikuwa watoto wa wakulima wale wale waliokuwa wakitetewa.

Serikali ilitangaza sera ya kuchangia gharama mwaka 1988, lakini ilichukua miaka kuianza, kwani kila waziri alijua kitakachotokea Mlimani. Mei 1990, baada ya mgomo mrefu uliochanganya malalamiko ya posho, hali ya mabweni na siasa za chama kimoja, chuo kilifungwa na hakikufunguliwa hadi Januari 1991. Huko Makerere hali ilikuwa mbaya zaidi: Desemba 1990 polisi waliwapiga risasi na kuwaua wanafunzi 2 katika maandamano yaliyohusu posho. Kenya ilianza kutoza ada katika vyuo vyake vya umma mwaka 1991, na vyuo vikafungwa kwa ghasia. Nchi 3 zilizokuwa na chuo kikuu kimoja kwa pamoja miaka 20 kabla zilikuwa zimefika kwenye tatizo moja, kila moja kwa njia yake. Uganda ilichagua kufungua milango kwa wanaojilipia, na kufikia mwisho wa miaka ya 1990 wanafunzi wa binafsi walikuwa wengi Makerere kuliko wa serikali. Kenya iliunda Bodi yake ya Mikopo, HELB, mwaka 1995. Tanzania ilikwenda kwa hatua.

Hatua ya kwanza ilianza mwaka wa masomo 1992/93. Mwanafunzi alianza kujilipia nauli, ada ya maombi na ya usajili, fedha ya dhamana na mchango wa chama cha wanafunzi. Waranti ikafa. Hatua ya pili, mwaka 1994/95, iligusa chakula na malazi, ambavyo vilikuwa sehemu kubwa zaidi ya gharama, na ili kupunguza makali wizara iliyohusika na elimu ya juu ilianza kutoa mikopo ya gharama hizo. Hatua ya tatu ilikuwa ada yenyewe, mitihani, vitabu, mafunzo kwa vitendo na matibabu. Serikali iliendelea kuibeba kwa sehemu kubwa kwa muongo mmoja zaidi.

Mabadiliko ya mwaka 1994 yalionekana kwanza tumboni. Kumbi za chakula zilikabidhiwa kwa watoa huduma binafsi, na badala ya kadi ya chakula mwanafunzi akapokea fedha taslimu, ambayo wanafunzi waliiita bumu na wanaiita hivyo hadi leo. Bumu ikawa mshahara wake wa kwanza. Ilitoka kwa awamu, ikachelewa, na ikiingia ilikuta imekwisha kugawiwa: deni la mama ntilie, fotokopi, nauli ya mdogo mtu kijijini, mchango wa msiba. Mwenye kubana matumizi alikula mlo mmoja kwa siku ili amtumie mama yake chochote, na mlezi aliyetazamiwa na sera kumchangia mwanafunzi akawa ndiye anayechangiwa. Mabweni nayo yalijaa. Desturi ya kubebana, yaani wawili kulala kitanda kimoja kilichopangiwa mmoja, ilienea kiasi cha kuzoeleka, na hosteli ya Mabibo iliyofunguliwa mwaka 2001 haikuikomesha.

Mikopo ya 1994 ilikuwa na kasoro moja iliyoathiri kila kilichofuata: hakukuwa na aliyeidai. Wizara haikuwa na chombo cha kukusanya, wala kumbukumbu kamili za nani alichukua nini na anafanya kazi wapi. Wahitimu wa miaka 11, kuanzia 1994 hadi 2005, walisaini fomu zilizosema mkopo na wakaondoka wakijua ni zawadi. Wakati huo huo upande wa pili wa mkataba wa zamani ulivunjika kimya kimya. Serikali ilipunguza watumishi, ikaacha kumpangia kazi kila mhitimu, mashirika ya umma yakauzwa moja baada ya jingine, na mafunzo ya lazima ya Jeshi la Kujenga Taifa yakasimamishwa. Msomi hakuwa tena na mwajiri wa kumlipa deni kwa utumishi. Jambo la ajabu ni kwamba sheria iliyokuja kutungwa ilimchukulia kana kwamba bado anaye.

Sheria hiyo ni Na. 9 ya mwaka 2004, iliyounda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Bodi ilianza kazi Julai 2005, ikipewa mambo 2 kwa pamoja: kukopesha wapya na kuwadai wa zamani. Zanzibar, ambayo wanafunzi wake nao hukopa katika bodi ya Muungano, iliunda bodi yake mwaka 2011. Tofauti na mipango iliyotangulia, Bodi iliruhusiwa kuwakopesha pia wanafunzi wa vyuo vikuu binafsi, ambavyo vilikuwa vimeanza kuchipua katika nusu ya pili ya miaka ya 1990 na ambavyo ada zake ziliwazidi wengi. Bila ruhusa hiyo vyuo vingi vya madhehebu ya dini visingejaza madarasa. Mwaka 2007 kilifunguliwa Chuo Kikuu cha Dodoma, na shule za sekondari za kata zilizojengwa kwa kasi wakati huo zilikuwa zinaandaa waombaji wengine. Fedha za mkopo ziliongezeka kila mwaka, nazo kila mwaka hazikutosha.

Palipo na fedha isiyotosha lazima awepo mchaguzi. Mwanzoni Bodi ilitazama ufaulu, ikiwapa kipaumbele wa daraja la kwanza na la pili. Baada ya muda mfupi ilihamia kwenye kipimo cha uhitaji: waombaji walipangwa kwa madaraja, wa juu wakipata asilimia 100 ya mkopo na wa mwisho wakikosa kabisa, na waliobaki wakikatiwa asilimia 80, 60, 40 au 20. Kwenye karatasi mpango ulikuwa wa haki. Mwanafunzi aliyepewa asilimia 60 alitakiwa kutoa 40 kabla ya kusajiliwa, na wengi hawakuwa nayo. Mwaka 2007 Mlimani waligoma. Novemba 2008 mgomo wa kudai mkopo kamili kwa wote ulienea katika vyuo vya umma, serikali ikavifunga kadhaa na kuwataka wanafunzi waombe upya kurejea, kila mmoja akionyesha risiti ya sehemu yake ya ada. Ni vigumu kutaja mkusanyiko mwingine wa risiti uliowakosesha watu wengi masomo kwa wiki chache namna ile.

Fomu ya maombi ndiyo hati inayoonyesha vizuri jinsi umaskini unavyothibitishwa kiofisi. Mfumo ulihamia mtandaoni mwaka 2011, lakini makaratasi hayakupungua. Mwombaji hujaza taarifa, hulipa shilingi 30,000 zisizorudishwa, kisha huichapa fomu yake. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, na kama amefiwa na mzazi, cheti cha kifo nacho hupita huko huko. Mwenyekiti wa mtaa au mtendaji wa kijiji hugonga muhuri, kamishna wa viapo husaini, mdhamini hubandika picha na kuandika nambari ya kitambulisho chake. Kwa miaka mingi bahasha ilisafirishwa kwa EMS hadi Dar es Salaam. Baada ya hapo ni kusubiri orodha: awamu ya kwanza, ya pili, ya tatu, na dirisha la rufaa kwa waliokosa.

Utaratibu huo unamjua maskini mwenye hati. Yatima ambaye baba yake alizikwa kijijini bila kifo chake kuandikishwa popote hana cheti, kwa hiyo machoni pa fomu baba yuko hai na anaweza kulipa. Mtoto wa mwalimu wa shule ya msingi ana hati ya mshahara wa mzazi inayoonekana hadi senti ya mwisho. Mtoto wa mfanyabiashara wa mazao asiyeweka vitabu vya hesabu hana, naye huonekana mhitaji. Kigezo kilicholeta malalamiko mengi kuliko vyote ni ada ya sekondari: aliyesoma shule ya binafsi yenye ada kubwa hukadiriwa kuwa ametoka familia yenye uwezo, hata kama alilipiwa na mjomba aliyekwisha kufariki au na mfadhili wa kanisa, labda awe na barua ya mfadhili huyo. Siku hizi kaya zilizo katika mpango wa TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, hutambuliwa moja kwa moja, na hilo limeondoa sehemu ya kubahatisha. Pamoja na uhitaji, Bodi hutazama kozi. Udaktari, uhandisi na ualimu wa sayansi vimekuwa vikitangulizwa, kwa hoja ile ile ya upungufu wa wataalamu iliyotumika mwaka 1964.

Kiwango cha bumu kimepanda kwa kusuasua. Kutoka shilingi 5,000 kwa siku kilifika 7,500 mwaka 2011/12, kisha 8,500 mwaka 2015/16, na 10,000 mwaka 2022/23. Kwa kiwango cha 8,500, malipo ya siku 60 yalikuwa shilingi 510,000, na mwanafunzi wa Dar es Salaam aliyepanga chumba Sinza au Changanyikeni aliweza kutoa karibu nusu yake kwa mwenye nyumba anayedai kodi ya miezi 6. Ucheleweshaji ulileta migomo mingine, na mwaka 2011 Rais Jakaya Kikwete aliunda tume ya kupitia utendaji wa Bodi.

Mageuzi makali zaidi yalikuja mwaka 2016, mwaka wa kwanza wa Rais John Magufuli. Upande wa kutoa, vigezo vilibanwa: kati ya waombaji zaidi ya 80,000, orodha za mwanzo za Oktoba zilikuwa na majina yapata 20,000 tu, na wazazi waliokwisha kuuza ng'ombe kwa ajili ya nauli wakakuta watoto wamekosa. Upande wa kudai, sheria ilirekebishwa na makato yakapandishwa hadi asilimia 15 ya mshahara kutoka kiwango cha awali cha asilimia 8. Mwajiri alipewa siku 28 za kutoa taarifa za mhitimu aliyemwajiri. Makusanyo yaliruka kutoka chini ya shilingi bilioni 30 hadi zaidi ya bilioni 100 kwa mwaka mmoja wa fedha. Kwa hazina hayo yalikuwa mafanikio yasiyo na ubishi. Vyama vya wafanyakazi vililalamika kwamba kiwango kipya kiliwaangukia hata waliosaini mkataba wa zamani, na kwamba mkataba haubadilishwi na upande mmoja.

Kilichowaumiza zaidi wadaiwa ni tozo zilizokuwa juu ya deni lenyewe. Ilikuwapo ya kulinda thamani ya mkopo, asilimia 6 kwa mwaka, na adhabu ya asilimia 10 kwa aliyechelewa kuanza kulipa baada ya muda wa matazamio. Hesabu ya mwalimu mmoja inatosha kueleza. Mwenye mshahara wa shilingi 700,000 hukatwa 105,000 kwa mwezi, yaani 1,260,000 kwa mwaka. Kama anadaiwa milioni 10, tozo ya asilimia 6 pekee ni 600,000. Karibu nusu ya alichokatwa ilimezwa kabla ya kugusa deni. Tena huyo ni mwenye bahati, aliyeajiriwa. Mwenzake aliyekaa mtaani miaka 4 akisubiri ajira za ualimu alikuta, siku ya kuajiriwa, deni limekua huku yeye hana kipato, na juu yake imewekwa adhabu ya kutolipa alichokuwa hana. Akitazama hati yake ya mshahara mwezi baada ya mwezi aliona salio linashuka kwa kiasi kisichoonekana, au linapanda.

Tarehe 1 Mei 2021, katika sherehe za wafanyakazi jijini Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuifuta tozo ya asilimia 6, na muda mfupi baadaye wizara ikafuta adhabu ya asilimia 10. Makato ya asilimia 15 yalibaki. Mwaka huo huo bajeti ya mikopo iliongezwa kutoka shilingi bilioni 464 hadi 570. Mwaka 2022 ada ilifutwa kwa kidato cha 5 na cha 6, na kwa mara nyingine mzigo wa ngazi ya chini ukapelekwa ngazi ya juu, kwa sababu kila anayemaliza kidato cha 6 bila ada anafika kwenye mlango wa Bodi. Mwaka wa masomo 2022/23 ulianza pia ufadhili unaobeba jina la Rais, wa bure kabisa, kwa waliofaulu vizuri zaidi masomo ya sayansi. Ufaulu, uliowekwa kando miaka 15 kabla kama kipimo cha kugawa fedha, ukarudi kwa mlango huo. Mwaka 2023/24 mikopo ilifikishwa kwa wanafunzi wa stashahada katika fani zilizochaguliwa, na kufikia 2024/25 bajeti ilikuwa imefika shilingi bilioni 787 kwa wanafunzi zaidi ya 240,000.

Kenya, iliyotangulia kukopesha, ilijaribu mwaka 2023 kupangua kila kitu: badala ya chuo kupewa ruzuku kwa kichwa, kila mwanafunzi aliwekwa katika kundi kwa hali ya familia yake, akapangiwa ufadhili, mkopo na sehemu ya kulipwa na mzazi. Malalamiko yalikuwa yale yale ya Dar es Salaam ya 2008, kwamba watu wamewekwa makundi yasiyo yao. Desemba 2024 Mahakama Kuu ya Nairobi iliutangaza mfumo huo kuwa kinyume cha Katiba, na mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikasimamisha utekelezaji wa hukumu hiyo hadi rufaa isikilizwe.

Tanzania haijafika mahakamani kwa namna hiyo. Tatizo lake liko kwa mdaiwa asiye na mwajiri. Sheria inamtaka aliyejiajiri alipe mwenyewe sehemu ya kipato chake kila mwezi, na Bodi imeunganisha kumbukumbu zake na za vitambulisho vya taifa na za taasisi nyingine ili kumpata. Lakini mhitimu wa sosholojia anayeuza nguo za mtumba Karume au kuendesha bodaboda Mbagala hana hati ya mshahara ya kukatwa, na kipato chake cha Jumatatu si cha Jumanne. Marejesho kwa sehemu kubwa bado hutoka kwa walioajiriwa rasmi, na wengi wao ni walimu, wauguzi na watumishi wengine wa serikali, yaani watu wale wale ambao chini ya sharti la mwaka 1964 wangekuwa wamelipa kwa kufanya kazi hiyo hiyo. Waliochukua mkopo wa kwanza mwaka 1994/95 sasa wamevuka miaka 50, na kwa baadhi yao deni lilianza kukatwa wakiwa tayari na watoto chuoni.